Alienda ya Leo

Siku tuliyomzika mama, kilichoniliza si jeneza, wala si nyimbo, wala si yule pasta aliyekosea jina lake mara mbili mbele ya watu. Kilichoniliza ni harufu ya udongo. Vijana walikuwa wakichimba kaburi asubuhi nyuma ya migomba, na walipofika kiunoni, ule udongo mweusi wa kulimia ukaisha, wakaanza kutoa ule mwekundu wa chini, ulio baridi, unaonuka kama chuma kilicholowa. Mimi nilikuwa nimesimama na birika la chai yao mkononi. Harufu ikanipata puani, na kabla sijajua ninachofanya nikageuka kuangalia njia inayotoka barabarani, nione kama baba anakuja.

Baba alikuwa mchimba visima. Watoto wengine wa kijijini kwetu Kianjokoma baba zao walinuka majani chai au moshi wa kuni, wangu alinuka udongo wa chini. Kwetu juu kule hakuna anayehitaji kisima, kila bonde lina mto wake na mvua haina adabu, kwa hivyo kazi yake ilikuwa chini kwenye joto, pande za Kiritiri na kupita, ambako watu huchimba mpaka mtu akiwa ndani anaiona mbingu kama sahani. Alikuwa akienda wiki mbili, wiki tatu, na jembe lake fupi na kamba mabegani. Akirudi ananiinua juu, nami nazika pua shingoni mwake. Hata akioga, ile harufu haikutoka. "Unanusa nini, wewe kambwa?" ananiuliza, na mama anacheka jikoni. Ndani ya mfuko wake kulikuwa na ndengu za huko chini Mbeere, na mara nyingine asali kwenye chupa ya soda iliyozibwa kwa gunzi.

Safari ile ninayotaka kuwaambia aliondoka tukipanda maharagwe. Alivaa gambuti zake nzuri, viatu vya mpira vya kazini, zile kuukuu zenye kiraka akaziacha mlangoni. Akanishika kichwa akasema, "Wanja, maharagwe yakitoa maua nitakuwa nimerudi." Nilikuwa darasa la nne. Nikaanza kuyachunga yale maharagwe kuliko hata mama mwenyewe.

Sasa lazima niwaeleze jambo moja kuhusu lugha yetu, na msione ninajifanya mwalimu, mimi nauza dawa za mifugo mjini Embu na watu wananijua kwa mdomo, si kwa masomo. Kwa Kiswahili ukisema "alienda" umemaliza. Awe alienda saa mbili asubuhi, awe alienda enzi za babu, ni "alienda" hiyo hiyo. Kiembu hakikubali uvivu huo. Kwetu aliyeenda leo ana neno lake, aliyeenda jana ana lake, na aliyeenda kitambo ana lake. Tofauti ni ndogo sana, mgeni anaweza kukaa kwetu mwaka mzima asiisikie. Lakini mtoto wa nyumbani anaisikia, kama vile anavyosikia hatua za mama yake na za jirani na hazichanganyi.

Siku baba alipoondoka, mtu mmoja alipita akauliza, "Baba Wanja yuko?" Mama akamjibu kwamba alienda, akatumia ile ya leo. Sawa kabisa. Kesho yake mwingine akauliza, na mama akajibu tena kwa ile ya leo. Nikadhani ulimi umeteleza. Wiki ikapita, mwezi ukapita, na mama bado anajibu vile vile, kwa sauti ya mtu ambaye mumewe ametoka tu, vikombe vya chai bado viko mezani havijaoshwa. Kila Jumamosi alizipangusa zile gambuti za kiraka kwa kitambaa chenye maji, akazirudisha mlangoni. Watu walimsikia na hawakusema kitu. Mimi nilimsikia na nikaona haya. Mama aliachia shule darasa la pili, na mimi, haki ya Mungu, nilifikiri hajui kuongea.

Mwaka huo huo ndio tulianza Kiingereza cha maana. Mwalimu wetu alikuwa Mwalimu Mwenda, mtu wa Meru, wa pale Kinoru mjini, mrefu mpaka akiingia darasani anainama, na sweta yake ilikuwa na tundu kwenye kiwiko ambalo tulilijua sote kwa umbo. Alikuwa akituambia Kimeru na Kiembu ni ndugu wa tumbo moja waliogombania tu namna ya kusalimia. Hakuwa mtu wa kiboko. Alikuwa mtu wa kicheko, na kwa shule za wakati ule hiyo ilikuwa ajabu kuliko kuona simba.

Wiki moja nzima tulikuwa tumejifunza kuweka ED. Cook, cooked. Wash, washed. Sisi tulitamka "kuk-ed" na "wash-ed", kila herufi ipate haki yake. Tulilewa ED. Kila kitu tulikivalisha ED mpaka mbuzi. Halafu Jumatatu moja Mwalimu Mwenda akaandika GO ubaoni akauliza past yake ni nini, na darasa lote likanguruma, "GOED!"

Alicheka mpaka akatoa kitambaa akajifuta macho. "Hapana, watoto yangu," akasema. "Sikizeni. Kuna verb ziko na heshima, zinavaa ED kama nyinyi munavaa uniform. Na kuna zingine ni watundu, hata headmaster ameshindwa nazo. Hii ni mtundu. Go, went, gone. Semeni."

Tukasema. Mimi nikainua mkono. "Mwalimu, went ni ya leo ama ya jana?"

Darasa likacheka. Nilidhani nimeuliza ujinga. Lakini Mwalimu Mwenda aliweka chaki chini akanitazama kama mtu aliyeokota kitu barabarani. "Wewe Wanja, hiyo swali hata inspekta hajawahi uliza," akasema. "Kujeni niwaambie siri. Mzungu ako na ndege, ako na treni, lakini ako na went moja tu. Moja! Nyinyi mama zenu wamewapa tatu bure, na munakaa hapa munafikiri Mzungu ni tajiri." Tulipiga makofi. Akaendelea, "Sasa kwa sababu Mzungu ni maskini ya went, lazima aongeze. This morning. Yesterday. Long ago. Akikosa kuongeza, wewe msikilizaji unabaki umening'inia, haujui kama mtu anakuja jioni ama alienda kabisa."

Kisha akasema lile neno ambalo nimelibeba mpaka leo. Alisema tense, ule wakati wa verb, ni ukweli. Ukisema mambo ya kitambo kama ni ya leo, umedanganya, hata kama maneno mengine yote uliyosema ni sahihi. Alisema kwa mzaha tu, kutuzoeza. Hakujua anamwambia nani.

Kila asubuhi tukawa tunaimba verb kabla ya masomo, tumesimama, mikono nyuma. Come, came, come. Run, ran, run. Go, went, gone. Mimi nikagundua kitu na sikumwambia mtu. Nikagundua kwamba come anatoka nyumbani, anazunguka, na mwisho anarudi vile alivyokuwa. Run pia anarudi. Lakini go anaondoka akiwa go, anakuwa mtu mwingine kabisa, na harudi. Gone anabaki huko huko. Asubuhi maharagwe yetu yalipotoa maua, madogo meupe, niliimba come, came, come kwa nguvu mpaka Mwalimu akaniambia nipunguze, nitapasua koo. Go nilimruka. Nilifungua mdomo tu bila sauti.

Maua yakaanguka, maganda yakaja, baba hakuja.

Tukapewa insha, "My Father". Niliandika kwa bidii, ulimi nje. Niliandika, "My father went to Kiritiri. He digged a well." Mwalimu Mwenda akaniita mezani pake nimtazame akisahihisha. Hiyo digged akaikata akaandika dug, akasema huyo naye ni mtundu, kama baba yako labda. Akarudi juu kwa went, kalamu ikasimama.

"Baba amerudi?"

"Bado, Mwalimu."

"Basi ni has gone. Has gone ni mtu ameenda na mlango iko wazi. Went ni ya mtu safari yake imekwisha." Akaandika has gone kwa wino mwekundu, vizuri. Halafu akauliza, "Alienda lini?"

"Tukipanda maharagwe."

Alitazama nje dirishani. Shamba la shule tulikuwa tumeshang'oa maharagwe, mashina yamelundikwa kando yanangoja kuchomwa. Akafunga kalamu yake. Akanipa alama nyingi kuliko nilizostahili, na mwisho wa juma, mbele ya darasa, akanipa zawadi ya mtoto bora wa tense. Ilikuwa penseli mpya, ya manjano, yenye kifutio kichwani. Sikuwahi kumiliki penseli yenye kifutio. Niliibeba nyumbani kwa mikono miwili.

Mama alikuwa uani na ungo, akipepeta maharagwe. Jirani yetu Mama Ireri alikuwa amesimama kwenye ua na kikapu cha majani chai mgongoni, anapumzika kwa maneno. Mama Ireri hakuwa mtu mbaya, lakini mdomo wake haukuwa na lango. Akauliza, kwa ile sauti ya chini ambayo watu wazima hufikiri watoto hawaisikii, "Na yule mtu wako, Mama Wanja?"

"Alienda," mama akasema. Ya leo.

Mimi nikiwa na penseli yangu mkononi, bingwa wa tense wa darasa la nne, nikasema, "Mami, umekosea."

Wote wawili wakanigeukia.

"Si alienda ya leo," nikasema. "Ni alienda ya kitambo." Na nikaitamka ile ya kitambo, polepole, wazi, kama nilivyokuwa nikitamka ubaoni, ili mama aisikie vizuri na asirudie kosa. "Ukisema ya kitambo ni ya leo, unadanganya."

Ulimi hauna mfupa, lakini wangu siku ile ulivunja.

Mama Ireri akasema, "Ngai!" Akavuta kamba ya kikapu kwenye paji la uso, akaondoka bila kuaga, na Mama Ireri kuondoka bila kuaga halikuwa jambo la kawaida. Mama alibaki ameshika ungo. Hakunipiga. Ningependa niwaambie alinipiga, ningekuwa nimelipa siku ile ile na mambo yakaisha. Aliniuliza tu, polepole, "Nani amekuambia?"

"Mwalimu Mwenda."

"Amekuambia yote?"

"Yote, Mami. Hata amenipa penseli."

"Penseli," mama akasema. Akaitazama ile penseli. Akarudi kupepeta, maganda yakaruka, na mimi nikaingia ndani nikifikiri kwamba ameaibika kwa kukosea, na kwamba kuaibika kidogo si vibaya mtu akitaka kujifunza. Hivyo ndivyo nilivyokuwa. Mtoto wa miaka kumi, mjinga, mwenye kifutio.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Nilimwona mama akizichukua gambuti za baba pale mlangoni kama kawaida, lakini safari hii aliziosha na sabuni, ndani na nje, akazianika kwenye ua zikakauka. Alasiri akampelekea mume wa Mama Ireri, ambaye zake zilikuwa zimetoboka. Jioni mzee wa kanisa akapita kuuliza kama Baba Wanja atakuwepo Jumapili kusaidia kuchimba choo cha kanisa. Mama akajibu kwamba alienda. Akaisema ile ya kitambo. Na aliisema jinsi nilivyoisema mimi, polepole, wazi, kama mtoto anayerudia neno la mwalimu.

Jamani. Nilikimbia nikasimama nyuma ya migomba, na ndipo nilipoelewa, au nilipofikiri nimeelewa, kwamba nimemmaliza baba. Alikuwa ameenda leo. Kila siku alikuwa ameenda leo, na mtu aliyeenda leo anaweza kurudi jioni. Mimi ndiye nilimhamisha. Nilimchukua nikamtupa kitambo, pamoja na mababu na vita na nzige, na huko hakuna anayerudi.

Nilijaribu kurekebisha. Nilijaza kurasa mbili za daftari na come, came, come. Nilifuta went kila mahali nilipoiona, na kile kifutio kikaisha wiki hiyo hiyo, kikabaki kile kichuma kinachochana karatasi. Halafu siku moja tukila, nikakusanya nguvu nikasema kwa Kiembu, kama mtu anayepiga gumzo, kwamba baba alienda. Ya leo. Niliisema vizuri sana. Nilimtazama mama nione kama anaikubali.

"Kula, Wanja," mama akasema.

Sikuijaribu tena. Na kila asubuhi nikienda shule niliziona gambuti za baba zikija njiani na miguu ya mtu mwingine.

Ukweli niliupata nikiwa sekondari, kwa binamu mmoja aliyedhani najua. Baba hakupotea, hakuangukiwa na kisima kama nilivyokuwa nikiota. Alikuwa na boma lake kule chini kupita Kiritiri, mke na watoto, na mbuzi. Alikuwa ameanza kulijenga hata kabla ya maharagwe yale. Alipokufa, walimzika huko huko, nasi tukasikia baada ya siku kadhaa, kama watu wanaosikia habari za mvua ya kwingine. Mama alisema, "Mungu amlaze pema," akaenda kuchuna majani chai. Nilimfuata hadi katikati ya shamba nikitaka kumwambia pole, na nyuma ya pole niweke samahani. Alikuwa ameinama, mikono inakwenda haraka. Nilisimama pale. Nikasema chai ya saa nne iko tayari, nikarudi.

Miaka mingi hivyo. Niliolewa, nikafungua duka, nikazaa. Binti yangu mdogo nikampa jina la mama, Wawira, na likizo zote alizimalizia kwa Cucu, yaani bibi yake, kwa hivyo Kiembu chake ni kizuri kuliko changu, ile ya leo, ya jana na ya kitambo zote anazo. Na katika miaka yote hiyo, sikuwahi kumsikia mama akimtaja mtu yeyote aliyeondoka kwa wakati usio wake. Alikuwa sahihi daima. Ukimsikia, ungedhani ni mwalimu.

Ikaja ikawa zamu yake. Mimi ndiye niliyeandika historia yake ya kusomwa mazishini, na kama mnavyojua, lazima iwe kwa Kiingereza, sijui tunamwandikia nani, maana pale uwanjani Mzungu alikuwa sifuri. Was born. Went to school. Left school. Got married. Niliandika verb zote, za heshima na za watundu, na hakuna hata moja iliyonishinda. Nilipofika mahali pa mume niliandika sentensi moja fupi nikapita haraka.

Wiki moja baada ya mazishi Mama Ireri alikuja kunisaidia kupanga nguo za mama. Ni mzee sasa, anatembea na fimbo, meno yamebaki machache lakini mdomo bado hauna lango. Tulikuwa tumekaa kitandani, kanga na sweta zimetapakaa, akacheka peke yake akasema, "Unakumbuka ulivyomkosoa mama yako pale uani? Na penseli?"

Nilidhani nimeisahaulisha dunia nzima ile siku. Nikasema, "Nakumbuka. Mimi ndiye nilimvunja moyo. Alikuwa bado anamngoja, nikamkatia."

Mama Ireri akaacha kucheka. Akaweka chini kanga aliyokuwa akikunja. "Kumngoja nani?" akauliza. "Mama yako alijua, Wanja. Alijua kabla maharagwe hayajaota. Mimi mwenyewe ndiye nilimletea habari, na nilipomwambia akasema kitu kimoja tu. Alisema, mtoto wangu asijue. Mtoto ambaye baba yake ameenda leo anakula na anaenda shule. Hapo ndipo alianza ile alienda yake. Sisi majirani tulikuwa tunaingoja sote, kila mtu akiuliza anajua atajibiwaje. Ilikuwa ni yako ile."

Nilichukua sweta ya mama nikaikunja, nikaikunjua, nikaikunja tena.

"Siku ile na penseli," akaendelea, "alikuja kwangu jioni. Akasema, Mama Ireri, mtoto amejua, mwalimu amemwambia yote. Akasema, hakuna haja tena. Alilia mpaka nikaogopa. Lakini hakulilia yule mwanamume, alikuwa amemaliza kumlilia. Alisema mtoto wangu amekuwa mkubwa leo, na mimi sikuwa tayari."

Akanyanyua kanga akaendelea kukunja. Mimi nilitoka nje. Nilikwenda mpaka nyuma ya migomba, pale penye kaburi, udongo ule mwekundu ulikuwa umeshakauka juu na haukunuka tena. Nilitaka kumwambia kwamba sikujua. Kwamba "yote" niliyosema ilikuwa ni tense, Mami, ilikuwa ni went na gone tu, hakuna kingine nilichoambiwa. Kwamba ningekula na kuenda shule miaka mingine mingi. Nilisimama nikasema hayo yote kwa Kiembu, kwa sauti, na kuku wake wakanitazama.

Miezi mitatu ikapita. Majuzi, likizo hii, nilikuwa pale nyumbani kwa mama na Wawira, tunaangalia angalia shamba. Wawira alikuwa amekaa kwenye kizingiti na daftari la Kiingereza, yuko gredi ya nne, penseli mdomoni. Akaja mama mmoja kutoka upande wa pili wa mto, hatukuwa tumeonana siku nyingi, amebeba mche wa parachichi aliokuwa amemwahidi mama. Kumbe hakuwa amesikia. Akaita pale langoni kwa furaha, "Mama Wanja yuko?"

Nilifungua mdomo. Nilijua neno lake, nina umri wa kulijua. Lakini kilichotoka ni kingine. "Alienda," nikasema. Ya leo.

"Basi mwambie nilileta," akasema yule mama, akauegemeza mche ukutani, akaenda zake akiimba.

Wawira alikuwa ametoa penseli mdomoni. Alikuwa akinitazama. Mtoto huyu alimwaga udongo kaburini kwa mkono wake mwenyewe, na Kiembu anakijua, na shuleni wanasema ni bingwa. Nilimwona akinitazama na nikajua kinachokuja, nami nilistahili, nikangoja anirekebishe.

Akarudisha macho kwenye daftari lake.

"Mami," akasema, bila kuinua kichwa, "Cucu alisema atarudi saa ngapi?"

Nikamwambia jioni.